Chupa ya Dispensari

Kijiko kilikuwa kinanuka mafuta ya taa.

Nilikishika pale mlangoni, bado kimelowa, nikamuuliza mama mkwe, aliyeshuka jana kutoka Werugha, "Mama, umempa Wakesho dawa gani?"

"Hiyo ya dirishani. Ulisema mtoto akikohoa nimpe dawa."

Dawa ya kifua ilikuwa kabatini, kikombeni. Ya dirishani ilikuwa ya kunguni.

Mama mwenye chupa moja nyumbani, nakuandikia wewe. Asubuhi ile bwana wa dawa alipuliza nyumba zote za laini yetu hapa Voi. Nikamwomba anibakizie kidogo, nipake kitanda. Akasema, "Lete chupa." Nikampa ile ninayoendea nayo dispensari kuchukulia dawa, sina nyingine. Alipotia maji ikawa nyeupe kama maziwa.

"Mbona unakinusa kijiko, mwanangu?" mama aliuliza. "Kikohozi kimeshanyamaza."

Kweli, kilikuwa kimenyamaza. Wakesho alikuwa mgongoni mwake, ndani ya leso, mate yakimtoka mdomoni.

"Mama, ameimeza?"

"Kijiko cha kwanza alitema," akasema, akitabasamu. "Cha pili nikambana pua."