Pindo la Kisutu

Taifa lilikuwa halijatimiza hata mwaka, na tayari serikali ilikuwa imepinduliwa, bendera yake ya kwanza ikichomwa sokoni. Bi Somoe alinusa moshi wake. Siku ya uhuru, kitambaa chekundu kilipokosekana mji mzima, yeye ndiye aliyetoa kisutu, kanga yake ya harusi. Upande mmoja ulishonewa bendera. Wa pili ulikuwa nyuma ya pazia, umemfunika mjukuu wake mchanga.

Mlango ukasukumwa bila hodi.

"Wakubwa wapya wanakitaka kitambaa kilichobaki," alisema Sajini Chande, bunduki begani. "Atakayekificha atakwenda na maji. Fungua pazia, bibi."

"Humo mna mzazi na mwanawe, hawajatoka arobaini. Mgeni haingii."

"Nina amri."

"Amri ya nani, mwanangu? Mwaka jana si wewe uliyeipandisha bendera ile, machozi yakikutoka?"

Mkono wa Sajini ulikuwa umekwishashika pazia. Ndani mtoto akaangua kilio, mama yake akahangaika kumnyonyesha, na pindo jekundu likateleza kitandani, likatokeza chini ya pazia, karibu kabisa na kiatu cha askari.

Bi Somoe akaliona. Sajini naye akaliona.

"Sajini!" mwenzake aliita kutoka njiani. "Umepata kitu?"

Viatu vikaanza kupanda ngazi ya baraza. Sajini akachuchumaa polepole, akalishika lile pindo kwa vidole viwili, na nyuma ya pazia mtoto akanyamaza.