Dereva wa Masafa

Mashine ilisema hakuna anayesikiliza. Simu ilisema yupo mmoja.

"Mashine ndiyo mbovu," alisema Kidomo. "Mtu anatuandikia, halafu kioo kinasema sifuri?"

Kidomo alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Jina hilo alipewa na darasa zima, naye hakulikataa. Ndiye aliyekuwa mtangazaji wa redio ya shule. Redio yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo ya mapajani, kipaza sauti kilichovishwa soksi, na kisanduku cha intaneti chenye taa tatu za kijani. Studio ilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, ilikuwa ofisi ya Mkuu wa shule.

Kila Ijumaa saa tisa walirusha kipindi cha Kompyuta kwa Waliochelewa. Mwalimu wa kompyuta alikianzisha kwa ajili ya wazazi, wenye maduka, mafundi, na mtu mzima yeyote anayeogopa vitufe. Wangesikiliza kwenye simu zao, na mwisho wa somo wangejibu swali kwa ujumbe. Mwalimu alibandika matangazo mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Kinyozi aliahidi kusikiliza akipata bando. Wiki sita zilipita, bando halijapatikana.

Aliyeandika alikuwa huyo mmoja tu. Alijiita Dereva wa Masafa.

"Nipo njiani na lori," aliandika wiki ya kwanza. "Somo zuri. Semeni polepole, na huyo binti apunguze kucheka."

"Shikamoo, Babu Dereva," Kidomo alimjibu hewani. "Nimeacha kucheka." Akacheka.

Dereva hakuitikia salamu. Wiki iliyofuata aliuliza: barua ukiifuta kwa bahati mbaya, inakwenda wapi?

"Dereva gani anaandika barua?" Kidomo aliuliza baada ya kipindi.

"Labda za mizigo," alisema Mwalimu. "Usimchokonoe, ndiye tuliye naye."

Hata hivyo Mwalimu mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Siku moja alimvuta Kidomo pembeni.

"Mjomba wako si anaendesha malori?"

"Mjomba hata vocha anawekewa, Mwalimu."

"Na si wewe unayejiandikia?"

"Mimi ningejisifu. Huyu kila wiki ananigombeza."

Mwalimu akajaribu kuipigia ile namba, ngeni kwake. Haikupokelewa. Ukaja ujumbe: "Nikiendesha sipokei simu."

Mkuu wa shule hakuwa na muda na mambo hayo. Alikuwa mtu mwenye mwili, na kiti chake kililia kila alipojigeuza, hadi Kidomo akazoea kuwaomba radhi wasikilizaji: "Hicho mnachosikia ni kiti, si mgonjwa."

"Mnaongea na kuta," Mkuu alimwambia Mwalimu. "Kamati ya shule inataka chumba hicho iweke viti vibovu. Tumekubaliana hivi: Ijumaa itakayopita bila mtu hata mmoja kuandika, Jumatatu viti vinaingia. Akiandika mmoja, mimi sina la kusema."

"Yupo Dereva."

"Mtu mwenyewe yuko barabarani huko. Siku akikosa mtandao?"

"Karibu siku moja usikilize na wewe, Mkuu. Nitakufungulia kwenye simu yako."

"Mimi na kompyuta tunajuana zamani, Mwalimu. Nina kazi."

Ijumaa ya saba somo lilikuwa namna ya kurudisha ulichoharibu. Mwalimu alifundisha kwa dakika ishirini, polepole, kama Dereva alivyotaka. Kisha akamwachia Kidomo kipaza sauti ili aulize swali.

Hapo taa tatu za kisanduku zikazimika. Umeme ulikuwa umekatika.

Kompyuta iliendelea kuwaka kwa betri yake, na Kidomo, macho kwenye karatasi, hakuona kitu. Mwalimu aliinua mkono amsimamishe, kisha akaushusha. Maneno ya yule binti sasa yalikuwa yakiishia kwenye soksi. Swali halitamfikia mtu, jibu halitakuja, na Jumatatu viti vitaingia. Basi mtoto wa watu amalize kipindi chake cha mwisho.

"Swali la leo," alisema Kidomo. "Umefuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya. Unabonyeza nini na nini ili urudi? Na wewe, Babu Dereva, wiki zote nakuamkia, unanyamaza kama unanidai. Nakuamkia tena mbele za watu. Shikamoo."

Mwalimu alianza kukunja nyaya. Alikuwa akizifunga kwa kamba simu ilipotetemeka mezani.

Kidomo aliidaka, akasoma kwa sauti:

"Kontroli na Z. Jana iliniokolea kurasa nne. Niko mpakani, foleni ndefu. Marahaba, binti."

"Ameitikia, Mwalimu," alisema Kidomo. "Si nilikwambia mashine ndiyo mbovu?"

Mwalimu alikitazama kisanduku, taa zake zote zimekufa. Akautazama ukuta wa mbao. Nyaya mkononi, akakivuta kiti chake mpaka magoti yakagusa zile mbao.

"Sahihi kabisa, Dereva," alisema taratibu, bila kipaza sauti. "Safari njema."

Upande wa pili, kiti kikalia.