Mkono Ukutani

Tangu akatwe titi kwa saratani, Mwanaidi alifanya mazoezi ya mkono peke yake, mlango umefungwa, huku muuguzi akimwelekeza kwa simu ya video. Asubuhi hiyo muuguzi alimwambia, "Dada, sikuoni vizuri. Mwite mtu akushikie simu."

Nyumbani alikuwepo mumewe tu, naye hakuwa amewahi kuonyeshwa kovu lile.

Mwanaidi alisita, kisha akafungua mlango. "Baba Shani, njoo unisaidie."

Mume akapokea simu. Mwanaidi akateremsha khanga begani, akaanza kupandisha vidole ukutani, machozi yakimtoka.

"Unaumia?" mume aliuliza.

"Kidogo. Usigeuze uso."

"Sijaugeuza, mama Shani."

Picha aliyoiona muuguzi ilikuwa ikitikisika, na ndani yake mkono ulizidi kupanda.