Gurudumu la Mbele

Remmy alipofika, gurudumu la mbele la pikipiki ya Leonce lilikuwa bado linazunguka.

Pikipiki yenyewe ililala ubavu mtaroni, barabara ya Madaba, pale mteremko unapokunja kona kandokando ya shamba la mahindi. Leonce alijikunja pembeni yake, kashika goti, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Kaka, nakufa," aliguna.

Remmy aliiacha yake katikati ya njia, akamkimbilia mdogo wake. Kutoka Songea alikuwa ameendesha kama mwendawazimu. Simu ya Leonce ilimkuta karakanani kwake, mtaa wa Bombambili, mbele ya nyumba, na aliondoka injini ya mteja ikiwa wazi mezani. Tangu mkewe Pamela augue hakuwa ametoka pale hata kwenda dukani. Kazi alifanyia mlangoni, maji alimpelekea mwenyewe, wageni aliwarudisha. Asubuhi hiyo hata mama yake mzazi aliyekuja na uji alimzuia kizingitini. "Amelala, mama. Ni malaria tu, itapita."

Ila kwa Leonce alitoka. Angeachaje?

Aliinama amnyanyue, na jicho lake likarudi kwenye gurudumu. Sasa lilikuwa limepungua kasi. Spoku zilianza kuonekana mojamoja.

Mkono wake ukasita hewani.

Remmy alikuwa fundi. Alijua kwamba gurudumu halijipi mwendo. Hupewa, likaubeba kadiri ya uzito wa rimu na tairi lake, huku beringi na breki zikiumega kidogo kidogo mpaka uishe. Hili alilifunga kwa mikono yake mwenyewe. Hata ulizungushe kwa nguvu zako zote, sigara moja haiishi kabla halijasimama. Na yeye, tangu apigiwe simu, alikuwa amekwisha kupita vijiji na vijiji.

Aliweka kiganja kwenye tairi. Lilimsukuma kidogo, kisha likatulia.

"Nani amelizungusha hili?"

Leonce alipepesa macho. "Lipi, kaka?"

Remmy akalikamata lile goti na kulibana kwa nguvu. Leonce alisahau kupiga kelele.

Upepo ulipita kwenye mahindi.

Huyu ndiye mdogo ambaye Remmy alimlea baada ya baba yao kufariki. Hata ufundi alimfundisha yeye. Siku ya kwanza kabisa alimpa gurudumu tupu alishike kwa ekseli, akalizungusha kwa kasi, akamwambia alilaze upande. Likagoma, likapindana naye mikononi kama mbuzi anayevutwa sokoni, na wote wawili wakacheka hadi machozi. Leo dogo alikuwa amesikia mlio wa pikipiki ya kaka yake ukija, akalisukuma gurudumu ili uongo unoge.

"Umenitoa nyumbani," Remmy alisema. "Mimi, Leonce? Mimi?"

"Kaa kwanza, kaka. Tuongee."

"Nani yuko kwangu saa hizi?"

Leonce aliinamisha kichwa, akaichungulia simu yake kama mtu anayesubiri ujumbe.

Remmy aliiona akilini karakana yake ikibebwa kipande kipande: kompresa, mashine ya kuchomelea, spana za miaka yote. Watu aliowalisha. Damu yake mwenyewe ikiwa imewafungulia njia. Alimsukuma Leonce akarudi mtaroni, naye safari hii akaumia kweli, lakini hakulalamika. Alibaki akimtazama kaka yake tu.

Kurudi mjini kungechukua muda. Mama yao, Kunegunda, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Remmy alimpigia simu.

"Shikamoo, mama. Kimbia kwangu sasa hivi, ita na majirani! Leonce kaniuza. Kanitoa mjini kwa uongo, kuna watu wanataka kuniibia, na Pamela yuko ndani peke yake!"

"Marahaba," mama aliitikia, taratibu, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la foleni. "Leonce nimemtuma mimi. Pamela niko naye hapa hospitali. Daktari ameuliza nani aliyemvunja mbavu, nami nimemtajia jina lako."