Malimau ya Ujumbe Mmoja

Asubuhi hiyo Losaline alikuwa amepiga magoti uani, anaokota malimau. Kimbunga kilikuwa kimeyapukutisha yote, yametapakaa mpaka kwenye banda la nguruwe, na nguruwe wenyewe walishayaonja wakasusa.

Shangazi Fusi akatokea nyumba ya pili na simu yake ya vitufe mkononi. Imezima. Simu zote za kijiji zilikuwa zimezima tangu nguzo za umeme zilale chini. Mnara tu ndio uliokuwa mzima, una jenereta yake, unapeleka mawasiliano kwa watu wasiokuwa na chaji.

"We mtoto, lile limau lako la shuleni liliwasha nini?"

"Saa ya mezani, shangazi." Losaline aliongea na vidole vyake vya miguu. "Ndogo tu."

"Nataka liwashe hii."

"Limau moja haliwezi. Labda mia. Labda na mia yasitoshe."

"Si hayo hapo chini? Anza."

Kila limau lilitaka msumari wa kuezekea na kipande cha waya wa shaba. Waya waliuchuna kwenye friji iliyokufa. Misumari ilikuwepo, boksi zima jipya, ila ilikuwa ya baba, Sekope, na baba alikuwa juu ya paa tangu alfajiri, anarudishia mabati.

"Kaichukue," shangazi akasema.

Huyo ni dada wa baba. Akitaka kitu cha kaka yake, kinatoka, hata kama ni paa lenyewe. Losaline akapiga hodi kwenye ngazi, macho chini kama mtoto aliyelelewa, na boksi likateremshwa kwa kamba bila swali. Baba akabaki na misumari ya zamani iliyopinda, akawa anainyoosha mmoja mmoja juu ya bati. Kazi ya asubuhi ikawa ya kutwa.

"Shangazi, huo ujumbe ni wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Baba mkubwa Viliami? Wa Auckland?" Viliami alikuwa ameahidi kutuma pipa la nyama za kopo, na kila mtu nyumbani alikuwa analiota.

"We chomeka, mama. Mchungaji anakuja saa kumi na wageni wa msaada, anawapitisha nyumba kwa nyumba. Kaka yangu asipoupata huu ujumbe kabla hawajafika, ukoo huu hautainua uso kanisani mpaka tufe."

"Si tukaombe chaji kwenye jenereta ya kanisa?"

"Inashikwa na nani?"

"Na mchungaji."

"Haya. Atauliza ni ya nini. Utamjibu wewe?"

"Basi atafutwe mtu amwambie kwa mdomo."

"Kuna maneno hayapiti mdomoni," shangazi akasema. "Na mdomo wako wewe ndio usiseme kabisa."

Losaline akachomeka. Shangazi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaipa nyumba mgongo, hakugeuka hata mara moja. Hilo halikuwa geni. Yeye na baba, kwa mila ya kaka na dada, tangu wabalehe hawajawahi kukaa chumba kimoja. Wakiwa na la kuambiana wanampitishia mtu, na linalopitishwa ni la adabu tupu: chakula, ibada, mvua.

Malimau yakajipanga uani kama wanafunzi mstarini. Watu waliopita barabarani walisimama, wakaangalia, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alikaa kabisa juu ya mnazi ulioanguka, akafungua na nazi yake. Losaline alizidi kuinama. Alitamani na yeye awe limau.

Mama Lavinia, jirani, akaja mpaka kwenye ua, kiganja mdomoni.

"Fusi, mwenzangu, leo kijiji kimepata sinema ya bure. Umri wote huu, lakini haya ya leo..." Akamtazama shangazi, akamtazama Losaline, akameza kitu. "Malimau haya."

"Nenda nyumbani, Lavinia."

"Naenda kuwaita wanangu."

"Lavinia."

"Naenda, naenda."

Jua likavuka katikati. Maji ya limau yalikuwa yanamchoma Losaline kila palipochunwa na msumari. Alikuwa anaunga waya, anagusisha simu, anatikisa kichwa, anarudi kuokota mengine. Shangazi alishaacha kuuliza. Kila kicheko kikitoka barabarani, alikuwa anafumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

"Mengine yako bandani," Losaline akasema.

Shangazi Fusi, mwanamke ambaye huvaa mkeka wa heshima kiunoni hata kwenda dukani, akaingia kwenye banda la nguruwe kwa magoti, akatoka na malimau kwenye sketi.

Saa kumi kasoro, simu ikatetemeka. Kioo kikawa na mwanga.

Shangazi akaipokonya. Akaandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena, jasho linamtiririka shingoni. Huko kona ya kanisa gari la mchungaji likapiga honi. Akabonyeza.

"Imeenda," akasema, na akaanza kusali.

Losaline akachungulia kioo kabla hakijafifia.

*Kaka Sekope, unisamehe. Kaptula yako imechanika nyuma yote. Shuka.*

Juu ya paa nyundo ikaendelea, ko, ko, ko, na kwenye kizingiti cha dirisha simu ya baba ilikuwa imelala kifudifudi, imezima tangu siku ya kimbunga.