Maneno Makali

Siku hizi kila mtu huvaa kifaa sikioni kwa amri ya serikali, na neno lolote kali hulainishwa kabla halijasikika. Ndiyo maana Tindwa alizipenda riwaya za wanaume waliohasimiana, wakatukanana waziwazi, mwisho wakapendana. "Nakupenda" ya hasimu aliiamini.

Jioni moja akaamua kumchokoza mumewe, Kitsao, aliyekuwa akipakua chakula.

"Wali umeungua! Mpishi gani wewe?"

Kitsao akatabasamu. "Ahsante, mpenzi."

Tindwa akaisukuma sahani, ikavunjika sakafuni. Hapo tabasamu likamtoka Kitsao. Akamsogelea, macho mekundu, midomo ikitetemeka, akasema maneno mengi bila kupumua.

Sikioni mwa Tindwa likafika moja tu: "Nakupenda."

Akaogopa kumwomba arudie.