Samaki wa Waliokwisha Kuzaa

Tangu ziwa lianze kunyunyiziwa dawa ya kuua magugu maji, sheria ilikuwa moja: samaki ni wa waliokwisha kuzaa. Basi Bibi Nyanjige alikula sato wake peke yake uani, mlango kaurudisha, harufu isije ikamtia hamu mjukuu wake Nyafuru, bibi harusi wa juzi.

Siku hiyo Nyafuru alirudi kutoka zahanati, akanawa mikono, akamfuata bibi uani, akaketi mkekani na kumega tonge.

"We mke mwenzangu, toa mkono," bibi alimtania. "Hawa ni wa vikongwe. Nizalie kitukuu kwanza."

"Nimeruhusiwa, Bibi."

"Nani akuruhusu, na meno yote hayo mdomoni?"

"Daktari. Kanipima, kasema nile tu. Sitashika mimba kamwe."

"Lakini samaki sikukuonjesha hata siku moja."

"Maji ya ziwa nilikunywa."

Bibi Nyanjige akaanza kumchambulia miiba, kama anavyochambuliwa mtoto, akamsogezea minofu.

Nyafuru alitafuna taratibu, kisha akauliza, "Ndiyo ladha yake hii, Bibi?"